Mnunuzi Ananitaka Mimi, Hakitaki Kikundi Changu

Shikamoo Mama,

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Kigoma Mjini. Naomba usitaje jina langu, maana wanawake ninaowaandikia habari zao wanaisoma safu hii, na mmoja wao ndiye aliyenilea.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake 18 tunaokausha dagaa katika mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki. Tulianza tukiwa watano, tunaanika mchangani kama watu wote. Mimi ndiye niliyesema tujenge vichanja, kwa sababu dagaa wa kichanja hawana mchanga, hewa inapita juu na chini, na bei yao Dar es Salaam ni nyingine kabisa. Wengine walicheka, wakasema nataka kuanika dagaa kama nguo. Mama Mkubwa, huyo aliyenilea, akaniunga mkono, tukajenga. Mimi ndiye niliyekwenda ofisi ya maendeleo ya jamii hadi tukasajiliwa. Mimi ndiye niliyehangaikia mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake, hadi ukatoka, na bado tunaurejesha. Mimi ndiye niliyekwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kujifunza kufungasha. Lebo nimeibuni mimi, simu ya wateja ni yangu, hata lipa namba iko kwa jina langu.

Mama, nimechoka. Saa 10 alfajiri niko mwaloni nasubiri mitumbwi. Nikitoka hapo naenda kwenye vichanja, kisha benki, kisha kwa afisa uvuvi kufuata kibali cha kusafirisha, kisha stesheni kuulizia mzigo. Wenzangu wanakuja wakitaka, wanaondoka wakitaka. Masika yaliyopita mvua ilishuka ghafla mchana, dagaa wakiwa juu ya vichanja. Mimi nilikuwa benki. Unajua walifanya nini? Walinipigia simu kuniuliza waanue au wasubiri kidogo! Watu wazima, mvua inaonekana inakuja kutoka ng'ambo ya ziwa, wanapiga simu.

Usifikiri mimi ni mpole kupita kiasi. Kuna mwenzetu aliwahi kuuza magunia matatu kwa bei ya chini bila kuniuliza, eti aliona dagaa wanaanza kubadilika rangi. Nilimsema mbele ya kikao kizima. Tangu siku hiyo nidhamu imerudi, hakuna anayeamua kitu bila mimi.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, tulikuwa na akiba ya dagaa wakavu. Kikundi kikachanga nauli nikapanda treni kwenda kuwauza Maonesho ya Sabasaba. Huko nikakutana na mfanyabiashara mwenye maduka kadhaa Dar es Salaam. Aliwapenda sana dagaa wetu. Maonesho yalipokwisha nilibaki kwa dada yangu kutafuta wateja wengine, na niliporudi Kigoma nikakuta kikundi bado kipo. Mama Mkubwa alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kukusanya hisa za kila wiki, nao wakawa wanauza mawese na kupika sabuni ya mise, yale mafuta ya kokwa za michikichi, ili wasile mtaji.

Yule mfanyabiashara amekuwa akinunua kidogo kidogo tangu wakati huo. Mwezi uliopita alinipigia. Anataka kilo 500 kila mwezi, atatoa malipo ya awali, lakini mkataba anataka kusaini na mimi peke yangu. Alisema, “Dada, kikundi kina maneno mengi. Mimi nataka mtu mmoja ambaye nikipiga simu anapokea.” Amenipa hadi mwisho wa mwezi ujao nimjibu.

Mume wangu anasema nimeshawabeba vya kutosha, niende. Kwenye simu nasikiliza sana wale wanaofundisha mambo ya mafanikio, wanasema ukiona watu wanakuchelewesha, achana nao, utawasaidia ukishafika. Nikiwasikiliza usiku napata nguvu. Asubuhi nikifika mwaloni nikamkuta Mama Mkubwa ameketi na manahodha, nguvu inaisha.

Yeye ni mhazini wetu. Hajasoma, hesabu anaziweka kichwani na kwenye daftari ambalo alama zake anazijua mwenyewe. Kazi yake kubwa ni kupiga soga na wenye mitumbwi, maana wanamwamini na wanampa dagaa kwa mali kauli, alipe baadaye, hata siku ambazo kikundi hakina hela. Ndiye aliyenichukua mama yangu alipofariki. Sijamwambia chochote kuhusu huu mkataba. Sijamwambia yeyote kikundini.

Mama, nikiondoka nitakuwa msaliti? Nikibaki si nitazeeka nimebeba watu mgongoni? Kiongozi wa kweli angefanya nini?

Mwenyekiti Aliyechoka, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, na hongera kwa vichanja.

Naanza na hongera makusudi, kwa sababu katika barua yako yote sioni mahali ambapo mtu amekwambia ahsante. Kuwatoa wanawake mchangani na kuwapandisha kwenye vichanja si jambo dogo. Anayepita Kibirizi asubuhi anaweza kudhani dagaa hujikausha wenyewe kwa jua. Hajui habari ya kuwageuza wasishikane, kuwaanua wingu likitanda, kuwachambua na kuwafunga kabla unyevu haujawarudia. Uliona kitu ambacho wenzako hawakukiona, ukavumilia kuchekwa. Basi kutaka kusonga mbele zaidi hakukufanyi kuwa mtu mbaya. Neno “msaliti” umejipa mwenyewe, na mimi sitalitumia.

Kama nimekuelewa vizuri, umesimama hivi. Kikundi ulichokijenga kimekuletea mteja mkubwa, na mteja huyo anakutaka wewe bila kikundi. Mwili umechoka, nyumbani wanakwambia nenda, na moyo unakwama kwa mama aliyekulea. Juu ya yote hayo unabeba siri. Nikiipima barua yako, naona siri hiyo inakuchosha kuliko kazi ya saa 10 alfajiri.

Naomba nikuulize mambo machache kwa upendo, na usiyachukue kama lawama.

Umesema wenzako walikupigia simu kuuliza kama waanue dagaa mvua ikija. Nilipofika hapo nilishangaa kama wewe. Kisha nikasoma aya iliyofuata, ya yule aliyeuza magunia matatu. Je, magunia yale yalikuwa yameanza kuharibika kweli? Uliwahi kumuuliza, faragha, aliona nini? Maana huenda alikosea bei, na huenda aliokoa mtaji wa watu 18. Mimi sijui. Ninachokiona ni kwamba mtu mmoja aliamua, akasemwa mbele ya watu, na tangu hapo “hakuna anayeamua kitu bila mimi.” Wewe umeliita hilo nidhamu. Wao, siku ya mvua, pengine waliliogopa. Mwanamke aliyekulia kando ya Tanganyika haulizi kama mvua inayovuka ziwa itamfikia. Anachouliza ni kama ana ruhusa.

Nasema “pengine” kwa sababu sikuwepo. Inawezekana wapo wavivu kweli, kikundi cha watu 18 hakikosi watatu wa kusubiri mgao. Lakini mvivu na aliyeogopa hawatibiwi kwa dawa moja, na kabla hujaondoka kwa sababu ya uvivu wao, ni vizuri ujue ni wangapi wako upande upi.

Jambo la pili. Unaamini kikundi kinasimama kwa miguu yako. Kwa mambo mengi ni kweli, umenitajia usajili, mkopo, kufungasha, lebo na simu. Ila wewe mwenyewe umenisimulia, kwa sentensi mbili tu kisha ukapita, kwamba ziwa lilipofungwa ulikuwa Dar es Salaam na kikundi hakikufa. Hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote mlivyowahi kupitia. Miezi 3 hakuna mtumbwi wa dagaa unaotoka, wauza dagaa hawana cha kuanika, na wanawake hao wakakumbuka kwamba Kigoma ina michikichi. Wakauza mawese, wakapika sabuni ya mise, wakatoa hisa. Nani aliamua kwamba mtaji usiliwe? Nani alipata wazo la sabuni? Ungekuwa umewauliza, nadhani ungeniandikia. Kuna uongozi uliokuwa ukifanyika pale bila cheo, na nahofia hujauona kwa sababu hauandikwi kwenye daftari linalosomeka.

Na hapo ndipo nafika kwa Mama Mkubwa. Unasema kazi yake ni kupiga soga na manahodha. Mwanangu, hebu tulia kidogo. Mali kauli haina karatasi wala dhamana. Mwenye mtumbwi amekesha ziwani, amechoma mafuta, ana wavuvi wa kuwalipa, halafu anakupa mabeseni ya dagaa kwa neno tu. Hampi kila mtu. Anampa yule aliyemlipa siku zote, aliyefika kwenye msiba wake, aliyenunua hata siku soko lilipolala. Soga unazoziona zina miaka mingi ndani yake. Ukisaini mkataba wa kilo 500, siku ya kwanza utakayokosa fedha taslimu ndiyo utakayojua soga zile zilikuwa kazi gani. Je, manahodha hao watakupa wewe? Huenda watakupa, wanakufahamu. Lakini wakisikia ulitoka vipi, watakupa vilevile?

Kuhusu wale unaowasikiliza usiku, sitakukataza. Mtu aliyechoka anahitaji sauti ya kumwambia anaweza. Ila anayesema “achana na wanaokuchelewesha” hajui kwamba nauli yako ya treni kwenda Sabasaba ilichangwa na hao hao. Maneno yake yanaweza kumfaa aliyezungukwa na watu wa kumvunja moyo. Wewe uyachuje kabla hujayatumia, uangalie yanamhusu nani hasa katika kikundi chako. Na mumeo naye anaona kitu ambacho mimi sikioni, maana ndiye anayekuona ukirudi usiku. Usimpuuze. Muulize kama anachotaka ni wewe uondoke kikundini, au ni wewe upumzike. Mara nyingi mume husema la kwanza akimaanisha la pili.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako.

Ya kwanza ni kusaini peke yako na kuondoka. Ni njia halali, watu hutoka kwenye vikundi kila siku. Lakini itazame kama mfanyabiashara, achana kwanza na huruma. Dagaa wabichi wakikauka hupungua uzito sana, kwa hiyo kilo 500 kavu ni mabeseni mengi na mikono mingi ya kuanika. Mikono hiyo utaitoa wapi? Wavuvi huenda ziwani kipindi cha giza na hupumzika mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo shehena yako itategemea wiki chache za kila mwezi. Masika kukausha ni kamari. Na ziwa likifungwa tena kama 2024, mkataba unasema nini? Ukishachukua malipo ya awali halafu dagaa wakakosekana, anayedaiwa ni wewe na nyumba yako, hakuna wenzako 17 wa kugawana nao. Tajiri anayetaka “mtu mmoja wa kupokea simu” anataka pia mtu mmoja wa kumdai. Simsemi vibaya, ndivyo biashara ilivyo. Omba mkataba kwa maandishi, kaa nao, tafuta mtu anayejua sheria akusomee kabla ya kuweka sahihi.

Kuna na mkopo wa halmashauri. Hauna riba, lakini una majina, na la kwako liko juu. Kuondoka hakukufuti. Pita ofisi ya maendeleo ya jamii uulize taratibu za mwenyekiti anayetaka kuachia ngazi wakati marejesho bado, wakueleze kabla mtu mwingine hajakueleza kwa hasira.

Njia ya pili ni kumkatalia mnunuzi na kubaki kama ulivyo. Nakuambia wazi kwamba hii nayo inanitia hofu. Ukibaki kwa kujilazimisha, kila atakayechelewa asubuhi utamwona kama mtu aliyekula kilo zako 500. Utaanza kuwachukia watu uliobaki kwa ajili yao. Tena mnunuzi hatakaa kukusubiri, Kibirizi ina vikundi vingine, na Katonga vilevile.

Ya tatu ni wewe kufungua biashara yako waziwazi na kukifanya kikundi kuwa muuzaji wako. Wao wanakausha, wewe unanunua kwa bei mliyokubaliana, unafunga, unasafirisha, unabeba hatari ya soko. Wengi wamefanya hivyo na mambo yakaenda. Ugumu wake ni kwamba huwezi kuwa mnunuzi na wakati huohuo mwenyekiti wa wanaokuuzia, siku ya kupanga bei utakuwa umekaa pande zote mbili za meza. Itabidi uachie uenyekiti kwanza. Na bado wapo watakaosema umewageuza vibarua. Bei ikiwa siri, watakuwa na haki ya kusema hivyo. Jiulize pia lebo ni ya nani. Uliibuni wewe, lakini ilikwenda Sabasaba kwa jina la kikundi, na mteja aliipenda ikiwa na jina hilo. Hapo sina jibu la haraka, na nadhani hata wewe huna.

Ya nne ni kumrudia mnunuzi na kumwuliza kinachomsumbua hasa. Amesema “maneno mengi.” Huenda aliwahi kupiga simu akajibiwa na watu watatu bei tatu. Kama shida ni hiyo, kikundi kinaweza kumteua mtu mmoja kwa barua, mwenye mamlaka ya kusema bei na tarehe, na mkataba ukabaki wa kikundi. Mnaweza hata kusajili kampuni BRELA, kwa msajili wa makampuni, mkawa wanahisa, na SIDO wakawapa barua ya utambulisho mkaenda TBS, shirika la viwango, kuomba alama ya ubora. Njia hii ni ndefu, ina vikao vingi, na kwa mtu aliyechoka kama wewe neno “kikao” ni adhabu. Tena anaweza kukataa tu. Lakini hujamuuliza. Alichosema kwenye simu ulikichukua kama neno la mwisho, na wafanyabiashara husema neno la kwanza kama la mwisho.

Utaona kwamba katika njia zote, hata ya kuondoka, kuna kazi moja inayokusubiri, nayo ni kuhamisha vitu kutoka mkononi mwako. Lipa namba iliyo kwa jina lako ingefaa iwe ya kikundi, kwa usalama wako kuliko wao. Siku ukiugua, fedha za watu 18 ziko ndani ya simu ya mgonjwa. Siku mkikosana, utaitwa mwizi hata kama hukugusa senti. Daftari la Mama Mkubwa linahitaji kijana wa kuketi naye na kuliandika upya kwa tarakimu zinazosomeka, bila kumwaibisha. Na kipindi kimoja cha giza waachie wenzako mwalo wote. Wanunue, waanike, waanue, wapange bei. Wewe kaa nyumbani, simu iwe kwa mwingine. Watakosea, pengine mtapoteza gunia. Utajua kwa macho yako kama wanakuhitaji wewe, au wanahitaji ruhusa yako.

Na kuachia uongozi hakulazimu kuwe kwa siku moja. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, na uenyekiti wa chama akaushikilia hadi 1990. Watu wanaweza kubishana kama muda ule ulikuwa mrefu mno, lakini hakuna aliyeamka asubuhi akakuta ameondoka bila kuaga.

Umeniuliza kiongozi wa kweli angefanya nini. Nimeliepuka swali hilo kwa sababu sidhani ndilo swali lako. Unaweza kusaini na ukawa mtu mwema, unaweza kubaki na ukawa mtu mwema. Ninachokiona kizito ni kwamba unawaamulia watu 17 maisha yao bila wao kujua kuna jambo la kuamuliwa. Hata ukiamua kwa faida yao, watakuwa wameamuliwa.

Mwisho wa mwezi ujao hauko mbali. Kabla haujafika itapita mbalamwezi, mitumbwi italala, na watu watakuwa na muda wa kuketi. Usianze na kikao cha wote. Nenda kwa Mama Mkubwa nyumbani, jioni, bila simu mkononi. Mweleze habari ya mnunuzi yote, na kiasi cha fedha pia, maana ukificha kiasi atajua umeficha. Usimwombe ruhusa na usijitetee. Muulize tu angekuwa yeye angefanyaje. Anaweza kulia, anaweza kukukasirikia. Anaweza pia kukwambia nenda, mwanangu, na jambo hilo likakuuma kuliko hasira.

Kisha niandikie tena. Nitataka kujua alichokwambia, na kama mnunuzi amekubali kuingiza habari ya ziwa kufungwa kwenye mkataba, maana hilo usilisahau, utakayesaini uwe wewe au kikundi.